Dirisha Lililoshusha Daraja la Jengo

Kwetu Uvira, Kongo, nyumba yenye watu haifungwi mchana. Mtu akipita akakuta mlango na madirisha vimefungwa, anajua moja kati ya mawili: mmesafiri, au kuna msiba. Nimekaa Jakobsberg, pembeni mwa Stockholm huku Uswidi, miaka mingi. Nimezoea theluji, nimezoea hata samaki wao wa kutiwa sukari, lakini hilo la kujifungia sijalizoea. Dirisha la jikoni kwangu, ghorofa ya kwanza, lilikuwa wazi kidogo kiangazi na baridi. Watu wa jengo walidhani natoa harufu ya samaki. Samaki nilikuwa napika kweli, na sikumwomba mtu radhi, ila sababu haikuwa hiyo.

Sababu ilikuwa rafiki yangu. Ni Mrundi, tuliimba pamoja kwenye kwaya ya kanisa, na alikaa jengo la nyuma yangu. Kila asubuhi akienda kupanda treni alipita chini ya lile dirisha, na si mtu wa kunong'ona.

"Jirani! Umeamka?"

"Nimeamka, Mungu anasaidia!"

"Ninyi Wakongo mnalala, jamani! Marehemu mume wako alivumilia mengi!"

"Nenda zako, treni itakuacha!"

Ni hayo tu. Waswidi wa jirani walikuwa wanatuchungulia wakidhani tunagombana. Mimi nilikuwa narudi kwenye sufuria yangu nikitabasamu, na siku inaanza.

Kisha kwenye mlango wa pili wa jengo letu akafa mzee mmoja, Mswidi, aliyeishi peke yake kama mimi. Hakuna aliyejua. Walikuja kujua kwa harufu iliyotoka kwenye kile kitundu cha barua mlangoni. Siku walipomtoa, mimi na rafiki yangu tulikuwa tumesimama uani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utani. Nilimshika mkono nikamwambia, "Sikiliza. Ukipita asubuhi ukakuta dirisha langu limefungwa, usiende kazini. Panda, gonga." Akasema, "Sitagonga. Nitavunja." Tangu siku hiyo dirisha halikuwa la hewa wala la samaki. Lilikuwa la kusema kwamba niko hai.

Sasa wenye jengo wakaamua kulitengeneza. Pale mlango mkuu, ukutani, kuna karatasi yenye mishale ya rangi, kutoka A ya kijani hadi G nyekundu, inayoonyesha jengo linakula joto kiasi gani. Letu lilikuwa F, karibu kabisa na chini. Joto linaingia ndani ya kodi, kwa hiyo sisi wapangaji hatukuwa tunaijali ile karatasi. Wao waliijali sana. Walitaka C, na wakaja mafundi.

Siwezi kusema walifanya kazi mbaya, ningekuwa mwongo. Waliondoa madirisha ya zamani yaliyokuwa yanapiga mluzi upepo ukija, wakaweka mapya ya vioo vitatu yenye mipira pembeni. Kuta walizivalisha vitu vinene kama magodoro. Juu ya paa wakaweka mashine inayovuta hewa chafu kutoka jikoni na bafuni, inanyang'anya ile hewa joto lake, inapasha hewa mpya, inatuletea. Sebuleni kwa kila mmoja wakabandika kisanduku cheupe, kidogo, kinachopima joto na kutuma habari ofisini kwao. Na milango pia wakabadilisha. Mlango wangu mpya ni mzito, umebana, na hauna kitundu cha barua. Masanduku ya barua sasa yako chini. Nilipouona nilicheka peke yangu kicheko kibaya. Yule mzee angalau alinuka. Mimi, kwa mlango huu, hata kunuka sitaweza.

Kabla mafundi hawajamaliza, binti wa rafiki yangu akajifungua mapacha huko Farsta, akamhamishia mama yake kwake. Wanaojua Stockholm wanajua maana yake. Mimi niko juu huku, yeye kule chini kusini; unapanda treni, unavuka mji mzima, unashuka, unapanda tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, ile ya kijani, ukifika umeshachoka hata kusalimia. Aliapa atanipigia simu kila asubuhi. Alipiga, siku za mwanzo. Simlaumu. Mwenye mapacha mikononi hana asubuhi.

Basi nikabaki na madirisha mapya. Ole wangu, ule ukimya! Basi la mtaani nililiona likipita lakini sikulisikia. Watoto walicheza uani midomo wazi, hakuna sauti. Nilikuwa najisikia mwenyewe nikimeza chai yangu. Uchungu ulinipanda, nikainuka nikafungua dirisha la jikoni kama zamani, na baridi ikaingia na kelele zake, nikapumua. Mtaniuliza nilimfungulia nani, wakati rafiki yangu yuko Farsta anabadilisha nepi. Sijui. Nilisema tu moyoni, huenda akapita mtu.

Aliyekuja ni msichana wa vipimo. Anafanya kazi kwa wenye jengo, kazi yake ni kuangalia joto linakwenda wapi. Alipiga simu kwanza, maana hapa mtu hatokei tu mlangoni, akaja akavua viatu, akasimama katikati ya jikoni na soksi zake za sufu. Kisanduku cheupe kilikuwa kimenisema. Nyumba yangu ilikuwa baridi kuliko zote, na radieta zangu, yale mabomba ya joto ukutani, zilikuwa za moto kuliko zote.

"Unasikia baridi hapa ndani?" akaniuliza kwa Kiswidi.

"Hapana."

"Sasa dirisha liko wazi kwa nini?"

"Hewa," nikasema. Ningemwambia nini? Nimweleze Uvira?

Akanielekeza kwa upole sana. Eti nifungue madirisha yote kwa mpigo, wazi kabisa, dakika chache, hewa ibadilike kabla kuta hazijapoa, halafu nifunge. Dirisha likikaa wazi kidogo kutwa nzima, mashine ya paa inahangaika bure. Nikaitikia ja, ja. Wakati huo chai ilikuwa imeshachemka, na kwangu mtu haingii akatoka mdomo mkavu, hata kama amekuja kunigombeza. Nikamwekea na maandazi. Alikataa mara moja kwa adabu, akakaa. Alikunywa ile tangawizi akakohoa, macho yakamtoka machozi, akaomba nyingine.

Alipoondoka nikalifungua tena.

Akarudi. Akarudi tena baadaye. Kila mara anaanza na dirisha, tunamalizia kwenye chai. Siku moja aliniambia mama yake yuko kaskazini, peke yake, na yeye hupitisha muda mrefu bila kumpigia. Nilimkaripia kama wangu. "Unatembea nyumba za watu kuuliza kama wana joto, na mama yako hujui kama ameamka! Mpigie leo!" Alicheka, akaona haya. Safari iliyofuata, kabla hata hajavua viatu, akasema, "Nimempigia." Nilifurahi siku nzima.

Kisha wakatuita wapangaji kwenye mkutano, chini, chumba cha jirani na cha kufulia. Walitaka kutuonyesha kazi ilivyokwenda. Kulikuwa na kahawa na vile vikate vyao vya mdalasini. Msichana akaweka ukutani picha ya jengo letu iliyopigwa kwa kamera ya joto: pasipovuja ni buluu, panapovuja ni njano na nyekundu. Jengo zima lilikuwa buluu, zuri, limetulia. Katikati yake palikuwa na dirisha moja linawaka.

Watu wakaguna. Bwana mmoja wa ghorofa ya juu akauliza kwa sauti, "Hilo ni la nani? Ndilo linalotuharibia?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa na kikate mdomoni, sikuweza kukitafuna wala kukitema. Msichana alijua vizuri ni la nani, alikuwa amekaa pembeni ya dirisha hilo hilo na kikombe changu mkononi. Hakunitazama hata kidogo. Akasema, "Hilo tutalishughulikia," akaweka picha nyingine. Jamani, nilimpenda mtoto yule.

Kesho yake nililifunga. Kwa ajili yake, si kwa ajili ya bwana wa juu.

Nikalifunga na kesho kutwa pia, na siku zote zilizofuata, nikangoja mtu aulize. Kwetu wangekuwa wameshajaa uani, wanawake wamejifunga vitenge, mmoja analia tayari bila kujua analilia nini. Hapa hakuna aliyegeuza shingo. Nilipomweleza mwanangu aliyeko Göteborg kwamba sasa nafunga dirisha, aliniandikia kwenye simu, "Vad bra, mamma." Vizuri, mama. Akaweka na kidole gumba. Rafiki yangu ndiye pekee aliyeshtuka. Alipiga Jumapili, watoto wanalia nyuma yake.

"Umelifunga? Wewe?"

"Nimelifunga."

"Sasa ningekuwa napita hapo leo, si ningejua umekufa?"

"Lakini hupiti."

Nilimsikia akiwabembeleza wale mapacha. Halafu akasema, "Sipiti, kweli," kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, tukaagana.

Baridi ilipokuwa kali kabisa wakabandika karatasi mpya pale mlango mkuu. C. Mshale ulikuwa umepanda hadi kwenye kijani, na watu walisimama mbele yake wanapeana pongezi. Msichana alikuwepo. Aliponiona akanijia mbio, akanishika mikono yote miwili.

"Asante sana! Umetusaidia mno. Sasa kwako kila kitu kiko sawa."

"Utakuja lini kunywa chai?"

"Oh," akasema, anatabasamu, furaha imemjaa, anaamini ananipa habari njema, "sasa sina sababu tena ya kuja."

Nikamwambia hongera. Nikapanda ngazi, nikafungua ule mlango mzito, ukajifunga nyuma yangu bila sauti.

Nilikaa hivyo wiki kadhaa, na nitasema wazi: nilikuwa naogopa. Sikuwa na ugonjwa. Niliogopa kuoga, nisije nikateleza. Niliogopa kula samaki wa miiba. Nyumba ilikuwa na joto zuri, sawasawa kila chumba, na mimi nilizunguka ndani yake nikihesabu watu ambao wangejua. Nilimaliza kuhesabu upesi. Jioni nilikuwa nakaa sebuleni, natazamana na kile kisanduku cheupe ukutani. Nilikichukia zamani kwa umbea wake. Sasa nikawa nafikiri, huyu angalau alinisema kwa mtu.

Leo asubuhi theluji imeanguka tena. Nimeamka, nimesali, nimefika jikoni nimesimama mbele ya dirisha. Nimemfikiria bwana wa ghorofa ya juu na mshale wake. Daraja lao likishuka kidogo litapanda tena, wana mafundi. Nimefungua dirisha, si kidogo, nimelifungua lote, na kurasa za kalenda zimeruka ukutani. Nimevaa koti langu la nje; kisanduku kikaniseme. Nimebandika chai, tangawizi nyingi kama yule msichana anavyoipenda, na nimetoa vikombe viwili.