Donge la Chokaa juu ya Ufa

Bi Muzdalifa ni fundi wa kupiga chokaa, mzaliwa wa Tumbatu. Nimefanya naye kazi miaka sita katika nyumba kongwe za Mji Mkongwe, mimi nikiwa seremala. Ni mfupi, umri wake hamsini na kitu, na sauti yake ndogo hata inakubidi usogee ndipo umsikie.

Ufundi aliuanza kwa kumsaidia kakake, Amour. Siku moja katika mtaa wa Malindi kamba ya jukwaa ilikatika, Amour akaanguka kutoka ghorofa ya pili. Hakufa, lakini mguu wake wa kulia hadi leo haukunjiki. Watu wakasema yameandikwa. Bi Muzdalifa hakubishana na mtu. Aliiokota ile kamba, akazichambua nyuzi zake, akakuta ndani imeoza ingawa nje ilionekana nzima. Ilikuwa imeachwa mvuani masika yote.

"Kudra ya Mungu naiamini, Kheir," aliniambia siku moja. "Lakini kamba ile jana yake nliipita, sikuitazama."

Tangu hapo, kila asubuhi kabla wenzake hawajavua viatu vya njiani, yeye huzunguka kazini peke yake. Huvuta kila fundo, hukanyaga kila ubao, hugonga kuta kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio. Wengine tulimcheka, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Masika ya mwaka juzi tulikuwa Kiponda, kwenye nyumba ya ghorofa tatu. Msimamizi wetu, Jecha, alikuwa na haraka ya kuikabidhi. Chini, kwenye ukuta uliobeba boriti za ghorofa ya kwanza, palikuwa na ufa mwembamba. Bi Muzdalifa alipaka donge la chokaa juu ya ufa ule, akaandika tarehe pembeni kwa penseli. Siku tisa donge lilikaa zima. Siku ya kumi, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo, tulilikuta limekatika katikati.

"Jecha, watoe watu," alisema.

Jecha aliinama akatazama. "Kwa mstari huu? Bi Muzdalifa, ukuta huu umesimama tangu enzi za mababu."

"Chokaa nliipaka mwenyewe. Haikatiki bure. Ukuta unakwenda."

"Nna wiki moja tu ya kukabidhi."

"Basi nipe leo. Tuitegemeze dari, kisha tubandue saruji hii ya ukutani tuone ndani."

Jecha alitikisa kichwa kukataa. Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliweka randa yangu chini nikatoka nje, na wenzangu wakanifuata. Alipobaki peke yake mle ndani, Jecha akakubali.

Tulisimamisha miti kumi na minne chini ya boriti, tukaikaza kwa kabari. Ilipoadhiniwa alasiri tulikuwa tumemaliza. Bi Muzdalifa hakutaka watu wengi waingie tena. Tuliingia yeye na mimi tu, tukasimama karibu na mlango.

Miaka mingi nyuma, mtu aliukandika ukuta ule kwa saruji ili upendeze. Maji ya mvua yaliyoingia kutoka juu yakakosa pa kutokea. Nilipoingiza mtaimbo na kubandua kipande kimoja, nyuma yake sikuona ukuta. Niliona udongo umelowa kama uji, na mawe yameelea ndani yake. Mara yakaanza kumiminika.

Bi Muzdalifa alinishika shati akanivuta hadi barabarani. Nyuma yetu ukasikika mlio mrefu wa mbao zikilalama, kisha miti yetu ikalia, mmoja baada ya mwingine. Halafu kimya.

Vumbi lilipotua tulichungulia. Ghorofa yote ya kwanza ilikuwa imeshuka upana wa vidole vinne, ikakaa juu ya miti. Ukuta chini yake haukuwapo. Pale pale chini palikuwa na mkeka wetu, ambao watu kumi na mmoja tuliukalia tukila kila mchana kwa wiki tatu.

Nilikuwa na haja ya kugusa kitu, nikashika ukuta wa jirani. Jecha alivua kofia akabaki ameikumbatia kifuani. Bi Muzdalifa alikuwa akitutazama usoni mmoja mmoja, akituhesabu. Alipofika kumi na moja alikaa barazani, akaomba maji.

"Uliogopa?" nilimuuliza.

"Naogopa kila siku," alisema.

Ukuta ulijengwa upya kwa mawe na chokaa, na nyumba ikakabidhiwa ikiwa imechelewa miezi mitatu. Sasa tuko Shangani. Jecha ametangaza kuwa mtu yeyote akiona jambo, hata mchukuzi wa mchanga, anayo ruhusa ya kusimamisha kazi. Wiki iliyopita Sichana, mpiga rangi wetu, aliisimamisha kwa ajili ya ngazi yenye kidato kilicholegea, na Jecha mwenyewe ndiye aliyekwenda kutafuta misumari.