Kuku ya mama mukwe imepata mama

Leo nimetafuta kuku mu parseli, kiwanja yetu yote, kumbe iko mugongoni mwa binti yangu!

Mama mukwe ametoka kijijini Ntoto kutusalimia. Sasa mutu kama ule unamupikia maharagi tupu, kweli?

Kisu iko mukononi, kuku haiko.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Neema, wa miaka ine, ameifunga na kitenge, anaibembeleza. Kichwa ya kuku tu njo inaonekana.

«Mama, nyamaza! Mutoto amelala.»

Niliona haya, kwa sababu mama mukwe alikuwa nyuma yangu, amesikia yote.

Akacheka mupaka machozi. «Acha mutoto ya mujukuu wangu alale. Mimi nitakula maharagi.»

Mungu, asante kwa huyu mama.

Ila kesho anarudi, na kwetu mugeni hatoki bila kuku ya kubeba. Nani ataambia Neema?