Hesabu ya Bwana Shauri

Katika utawala wa Mwingereza, Bwana Shauri, Mzungu aliyetawala wilaya yetu, alijaliwa kipaji cha kujua Waafrika watafanya nini kabla wenyewe hawajaamua. Ulipokaribia uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, alipita Tabora mjini akitabiri watakaojitokeza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mmoja wa wanawake wachache waliopata kadi ya kura, kwa kuwa nilisoma hadi darasa la nane. Akanifuata mpaka darasani.

"Mwalimu, mume wako atakuruhusu kuja?"

"Bwana, mume wangu ndiye anayekutengenezea vibanda vya kupigia kura."

Hakuona aibu hata kidogo. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba wanawake watazuiwa na waume zao, wanaume watashindwa na jua, na Wahindi hawatafunga maduka. Kwa hiyo vibanda viwili vilitosha, tena kimoja kwa ajili ya heshima tu.

Mume wangu alikuwa seremala hodari aliyeishia darasa la nne. Sheria iliona anafaa kujenga kibanda cha kura, si kuingia ndani yake. Alivipiga randa hivyo viwili hadi vikang'aa.

Siku ya kura alinisindikiza akiwa na mwavuli wangu. Tulipofika bomani tukakuta mstari umeshapita lango na kukunja kona. Makarani wa reli, walimu, wauguzi, na wenye maduka wa mtaa wa Mtendeni, Waarabu na Wahindi kwa Wanyamwezi, wote walikuwa wametuwahi. Bwana Shauri alitoka, akautazama mstari, akatabasamu. Alikuwa na jibu.

"Hawa ni watazamaji," alimwambia askari. "Waondoe."

Askari akapaza sauti: "Asiye na kadi atoke kwenye mstari!"

Watu wakatulia tuli. Alitoka mtu mmoja tu, mume wangu. Alisimama kando, akaendelea kunyoosha mkono ili kivuli cha mwavuli kibaki juu yangu, jua lote likampata yeye. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilishindwa kumshukuru.

Jua lilipopanda na mstari ukawa hausogei, Bwana Shauri alimjia mume wangu akiwa mwekundu kama nyanya.

"Fundi, unaweza kuongeza vibanda sasa hivi?"

"Naweza, Bwana. Ila nahitaji mtu wa kunishikia mbao."

Nikawaona kwa macho yangu: Serikali ya Malkia imechuchumaa vumbini imeshika ubao, na seremala asiyeruhusiwa kupiga kura anaiamuru, "Inua kidogo. Hapana, Bwana, upande wako."

Zamu yangu ilipofika nilielekezwa kwenye kibanda kipya. Sheria ilitaka nichague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yangu iharibike. Huo ndio ulikuwa uhuru wa kuchagua. Nilikuwa nimeinamia karatasi niliposikia sauti ya mume wangu nyuma ya ubao.

"Mke wangu, usiegemee. Bado napigilia."

Nilicheka peke yangu mle ndani, halafu machozi yakanitoka. Nikaweka alama zangu tatu, nikatoka nikijifuta kwa kanga.

Baadaye tulisikia kwamba Bwana Shauri aliwaarifu wakubwa wake kuwa watu walijitokeza kama alivyotarajia. Sina shaka aliamini hivyo.

Uhuru ulipokuja, na baadaye tukaitwa kumchagua rais, hakuna aliyemwuliza mume wangu alisoma hadi darasa gani. Asubuhi ile niliamka nikakuta upande wake wa kitanda umeshapoa. Nilimkuta kituoni, wa kwanza kabisa kwenye mstari, ananyoosha kola ya shati lake la kanisani.

"Ungeniamsha," nikamwambia.

"Ungenichelewesha," akajibu, na hakuniachia nafasi mbele yake.