Amina Mbele ya Bendera

Sisi tuliosoma Bukavu wakati nchi ikiitwa Zaïre, kila mmoja alikuwa na majina mawili: la shule na la Maman. Shuleni niliitwa Nabintu. Nyumbani, mlango ukishafungwa, niliitwa Tereza, na kaka yangu Petro. Serikali ilikuwa imekataza majina ya watakatifu, lakini Maman alisema serikali haikuwepo siku tulipobatizwa. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, maana Papa alikuwa mwalimu, na mwalimu alikuwa mtu wa serikali.

Kwetu Kadutu hakuna kilichoingia mdomoni bila ishara ya msalaba. Hata karanga moja! Bugali ikifuka moshi, sombe ya majani ya muhogo ikinukia mawese, sisi tunameza mate tukingoja Maman amalize kuwaombea marehemu wote wa ukoo, wa upande wake na wa upande wa Papa, pamoja na wajomba waliokwenda kutafuta dhahabu Kamituga na hawakuandika hata barua. Papa alisinzia. Petro alikuwa na ujanja wake: Maman akisimama kidogo kuvuta pumzi, yeye husema "Amina!" kwa sauti kubwa, na Maman hujikuta amemaliza. Nami nilimwitikia. Shule nzima ilijua ujanja huo, kwa sababu Petro aliufundisha bure.

Shule yetu ilikuwa ya mapadri kabla ya kuchukuliwa na serikali. Msalaba uliondolewa ukutani, na kwenye msumari uleule ikatundikwa picha ya Rais. Tatizo, picha ilikuwa ndogo. Ukuta ulikuwa umebaki na alama nyeupe ya msalaba, na mikono yake ilichungulia huku na huku. Sala ya asubuhi nayo ikaondoka, tukapewa nyimbo na ngoma za chama mbele ya bendera. Niseme ukweli, tulizipenda. Kukata kiuno kabla ya hesabu, nani atakataa?

Basi, jioni moja Maman alisimama barabarani akatuita, "Petrooo! Terezaaa!" Mkubwa wa chama wa mtaa alikuwa akipita. Kesho yake Papa aliitwa, akaonywa: kosa jingine, atahamishiwa Shabunda, ndani ya pori, na familia ibaki. Alirudi, hakuvua hata abakosi yake, lile koti la chama lisilovaliwa tai.

"Batoto, munisikilize," alisema. "Kule inje, jina ni ile ya masomo. Na sitaki kusikia Amina. Mukinikosesha, miye ninaenda Shabunda, munabaki na maman yenu."

Maman akainuka, akafunga dirisha. 

Wiki hiyohiyo ikatangazwa kwamba inspecteur, mkaguzi wa shule, anakuja. Directeur, mkuu wetu wa shule, alinichagua mimi niongoze shangwe za chama, maana sauti yangu ilishinda kengele. Nilijizoeza siku tano mbele ya kuku wa jirani.

Siku ikafika. Tulipanga mistari uwanjani, Papa amesimama na wanafunzi wake wa mwaka wa tano, inspecteur katikati na abakosi nyeusi iliyopigwa pasi hadi inang'aa. Nikapaza sauti, shule ikajibu. Nikapaza tena, ikajibu. Nilikuwa moto! Kilichobaki ni kunyamaza mpaka bendera ifike juu.

Lakini kamba ilikwama. Watu wote kimya, hakuna anayekohoa. Mimi, kila nilipoona watu wengi wamenyamaza namna ile, nilijua kitu kimoja tu cha kufanya. Mkono ukapanda wenyewe.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Nikavuta pumzi. Shule nzima ikajibu: "AMINA!"

Mama yangu! Nilimtazama Papa. Alikuwa amefumba mdomo kama mtu aliyetafuna pilipili, na macho yake yalikuwa yameshafika Shabunda. Nilitaka ardhi inimeze. Mimi, binti yake, ndiye niliyemfukuza nyumbani.

Ndipo nikamwona inspecteur. Mkono wake wa kuume ulikuwa juu ya bega la kushoto. Ulikuwa umeshapita kwenye paji la uso na kifuani, ukabaki pale, haujui uende bega la pili au ushuke. Tulimwona wote. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Halafu, taratibu, akaanza kujipangusa.

"Mavumbi," alisema. "Hapa kwenu iko mavumbi mingi, Directeur."

"Mingi sana, citoyen inspecteur," Directeur akajibu, akaanza kujipangusa naye.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi. Tulisimama kwenye matope hadi vifundoni.

Papa hakuhamishwa. Ripoti ilisema nidhamu ni nzuri, ila uwanja ufagiliwe. Jioni ile nilingoja fimbo, haikuja. Papa, ambaye hakuwahi kuongoza sala ya mezani, aliiongoza mwenyewe. Akataka kumwombea inspecteur kwa jina lake la ubatizo, na kwa kuwa hakulijua, akaanza kuwajaribu mitume wote kumi na wawili. Kufika Bartolomayo, Petro akasema Amina.

Tangu siku hiyo mpaka alipokufa, Papa akimaliza ishara ya msalaba alijipangusa bega, akamtazama Maman, na wote wawili wakacheka.

Leo hakuna anayetukataza. Kutoka Nguba hadi Kadutu, kila avenue ina makanisa matatu na vipaza sauti sita. Wajukuu zangu wana majina ya Biblia yasiyoenea kwenye karatasi ya shule, na sala wanatumiana kwa simu: wanajibu Amina kabla ya kusoma. Ningewagombeza, lakini namkumbuka Petro. Kinachoniuma ni kwamba hakuna mkono unaopanda wenyewe siku hizi.

Isipokuwa mmoja. Juzi mwalimu wa katekisimu aliniita kwa sababu ya mjukuu wangu mdogo. Mtoto anapiga ishara ya msalaba vizuri, alisema, lakini mwishoni lazima ajipanguse bega, na sasa darasa zima linamfuata.

"Maman, ni nani alimufundisha hii?"

Nilimtazama usoni, nje mvua inamwagika.

"Ni mavumbi tu, mwalimu," nikamwambia.