Funda la Zambarau

Tryphena Mghoi hachumi zambarau mtini. Hutandika leso kuukuu chini ya mzambarau ulio ukingoni mwa mto Voi, akaketi kando na kungoja. Tunda linaloanguka lenyewe, anasema, limeamua kuiva. La kuangushwa kwa fimbo limelazimishwa, na ukiliroweka litakuwa na ukakasi mpaka Krismasi. Akifika nyumbani Kaloleni hulitoboa kila moja kwa mwiba wa mgunga. Majirani humcheka. Kuponda si ni haraka zaidi? Ni haraka, lakini kinywaji hutoka kama maji ya dimbwi.

Zikishatobolewa huzipanga kwenye chupa pana za kioo, zambarau kisha sukari, zambarau kisha sukari, na ganda la chungwa kutoka Werugha, kwa kaka yake. Juu humimina pombe nyeupe ya dukani mpaka matunda yazame. Chupa hukaa chini ya kitanda miezi mingi, zimefungwa leso kama watoto wenye homa. Nimeonja jamaa za kinywaji hiki kwingi: cheri za Lisbon zinazouzwa kwa vikombe vidogo mlangoni mwa duka, plamu za mwituni ambazo wazee wa Poland huzificha nyuma ya kabati. Huko hukiita kwa jina lake bila haya. Tryphena ni mama wa kanisa, kwa hiyo chake kinaitwa dawa ya kikohozi. Hauzi. Anayekohoa hupewa.

"Na kikohozi hupanda sana Desemba," aliniambia. "Hata wazee wa kanisa hukohoa."

Hakujaliwa mtoto wa kuzaa. Alikuwa na Sharon, binti wa kaka yake Mwandawiro. Mama yake Sharon, Ndila, aliondoka mtoto akiwa hajasimama dede, akaenda Nairobi, kisha ng'ambo, na salamu zikakatika. Mwandawiro alikuwa mtu wa reli, leo Mtito Andei, kesho Mariakani. Akamleta mtoto kwa dada yake, amemfunga ndani ya koti la kazi. Tangu siku hiyo Kaloleni nzima inamwita Tryphena Mama Sharon. Sharon mwenyewe alimwita mama mpaka darasa la tatu, watoto wenzake walipomfundisha tofauti; kuanzia hapo akawa shangazi. Lakini chini ya mzambarau walikuwa walewale wawili, wakitoleana ndimi kuona wa nani umekuwa mweusi zaidi.

Msichana akakua, akapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja kando ya barabara ya Mombasa. Akaanza kuomba chupa za kuwaonjesha wageni. Tryphena alimpa kwa furaha, akazifunga mwenyewe kwa magazeti zisivunjike.

Aliyekuja na habari ni Katuku, muuza mboga wa nyumba ya pili. Aliingia bila kubisha, simu mkononi.

"Mama Sharon, keti kwanza."

"Kwani nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Keti."

Kwenye simu alikuwa Sharon, amevaa sare ya hoteli, ameshika chupa. Chupa ilikuwa na lebo, na kwenye lebo palikuwa na picha ya msichana mwenye mwanya: Ndila, kabla hajaondoka. Zambarau za Mama Ndila. "Nilifundishwa na mama yangu nikiwa mdogo," Sharon alikuwa akisema. "Tulikuwa tunatandika leso chini ya mti, tunangoja zianguke zenyewe."

"Ndila yupi?" Katuku akauliza. "Yule wa kwenda asirudi? Huo mto aliuona kutoka dirisha la basi."

Tryphena aliomba video irudiwe. Akatazama mpaka mwisho.

"Hata leso amempa," akasema.

Sharon alipokuja Jumapili hakukana. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani akizungusha pete ya uchumba.

"Shangazi, watu wanapenda hadithi ya mama. Nikisema shangazi, wataniuliza mama alienda wapi. Kila siku, kila mgeni. Nimechoka kulijibu hilo."

"Kwa hiyo ukamrudisha."

"Kwa lebo tu."

"Na mimi ukanipeleka wapi?"

Sharon aliiacha pete. "Si wewe uko hapa," akasema. "Wewe uko siku zote."

Tryphena hakupandisha sauti. Alimpakulia chakula, akamsindikiza hadi stejini, akarudi ndani, na kuanzia siku hiyo hakutoa chupa nyingine. Mwandawiro akaiona hatari. Harusi ilikuwa karibu. Sharon alikuwa akiolewa na Muinde, mkulima kijana wa Njukini, na Wadawida, kabila la kina Tryphena, wanajua kinyongo cha shangazi aliyenyamaza ni mzigo gani kwa bi harusi. Humfuata nyumbani kwake. Hukaa tumboni kabla ya mtoto. Dawa yake ni kutasa: mwenye kinyongo hupiga funda la kinywaji, akalipuliza nje mbele ya aliyemkosea, akatamka kwamba moyo wake umekuwa mweupe. Kinachotoka mdomoni hutoka na hasira. Ukimeza, umeimeza nayo.

Walifanya nyuma ya nyumba ya Mwandawiro, Werugha, asubuhi ya harusi. Mwandawiro, ambaye siku hizi naye ni mzee wa kanisa, alikuwa akichungulia njia kila mara.

"Tumalize haraka, pasta hajafika."

Sharon alisimama mbele ya shangazi yake, leso amejitanda juu ya gauni, kwa sababu zambarau haitoki kwenye nguo nyeupe. Mwandawiro akachukua chupa ya kwanza aliyoikuta kwenye kreti la wageni, akamimina kibuyuni. Ndila alikuwa akitabasamu kwenye lebo.

"Umekosa hata maji, Mwandawiro?" Tryphena akauliza.

"Maji kwa siku ya mtoto? Si hiki ni chako mwenyewe?"

Alikipokea kibuyu. Akapiga funda, akalishika mdomoni, mashavu yamejaa. Sharon akafumba macho akingoja rasharasha. Tryphena aliniambia baadaye kwamba alikuwa amekuja na nia ya kutema. Alikuwa na maneno tayari. Ila ladha ilipomfikia, ganda la chungwa la ua uleule aliokuwa amesimama ndani yake, alijua ni chupa zake alizozifunga kwa magazeti, na vidole vyake vikakumbuka mwiba.

Walisikia koo lake.

"Tryphena," kaka yake akasema polepole, "umemeza."

"Nimemeza."

"Rudia."

"Nikirudia nitameza tena. Hizi nimezitoboa mimi, moja moja. Siwezi kuzitema mbele ya picha ya Ndila."

Sharon alifumbua macho. Leso ilikuwa kavu.

"Shangazi, naenda hivi hivi?"

"Nenda, mwanangu. Sijakulaani. Ningetema na kitu hakijatoka, ningekuwa nimekudanganya. Mmoja wetu ameshadanganya, yatosha."

Basi Sharon akaenda hivyo. Tryphena alipakua pilau, akacheza na wakwe, na kila alipocheka, Katuku aliona ulimi mweusi na kutazama pembeni.

Msimu uliofuata nilimkuta chini ya mzambarau, leso imetandikwa, nusu yake tupu. Simu ikalia. Aliweka spika kwa sababu vidole vilikuwa na utomvu. Alikuwa Sharon, kutoka Njukini. Walisalimiana kirefu, mahindi, mvua, miguu iliyoanza kuvimba. Alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Shangazi, ile picha ya mama nimeitoa."

Tryphena aliokota zambarau, akaipuliza vumbi. "Umeweka ya nani?"

Upande wa pili jogoo aliwika.

"Sijaweka. Iko Zambarau tu."

"Sawa."

"Utakuja utase? Mama mkwe anauliza. Na mimi nauliza."

Tryphena aliigeuza ile zambarau, kama vile bei yake imeandikwa hapo.

"Inua miguu ukilala," akasema. "Usibebe maji. Kujifungua nitakuja, nitakupikia, nitambeba mtoto. Hilo lingine bado."

Sharon hakukata simu. Laini ikakatika yenyewe. Zambarau mbili zikaanguka, moja kwenye leso, nyingine mchangani. Ya mchangani aliiacha.