Siku Sauti ya Mheshimiwa Ilipokauka

Miaka ya sabini ilipoanza, mchana nilikuwa profesa wa Kiingereza katika chuo kikuu pale mjini, na jioni mshauri wa mbunge mmoja. Tulifahamiana kwa kinyozi. Alinisikia nikiisahihisha taarifa ya habari ya redio huku nikinyolewa, akacheka, akaniuliza kama ningeweza kumsahihisha na yeye. Kazi yangu ikawa kumwandikia hotuba na kumwambia, kwa adabu, wakati wa kunyamaza.

Hilo la kunyamaza halikumwingia. Kampeni ya kutetea kiti chake ilipokaribia mwisho alikuwa akihutubia kutwa nzima, na siku ya mkutano wetu mkubwa sokoni Dagoretti akaamka sauti imekauka. Nilimkuta nyumbani kwake Kitisuru, shali shingoni, anakunywa maji ya tangawizi. Akaniita kwa kidole nimsogelee.

"Profesa, leo utasema wewe," akanong'ona.

"Mheshimiwa, mimi huandika tu."

"Si umeyaandika wewe? Basi unayajua."

Soko lilikuwa limejaa. Wachinjaji walikuja na makoti yao ya kazi, akina mama wa mboga wakaacha meza zao. Nilipanda juu ya lori, mbunge akaketi kitini kando yangu, nami nikaanza kusoma. Sikuwa nimemaliza ukurasa wa kwanza mama mmoja alipouliza kwa sauti, "Na huyo mwenyewe mbona hasemi? Ametununia?"

Nikaikunja ile karatasi. Sijui ujasiri ulitoka wapi.

"Hajanuna, mama. Amesema mpaka sauti imemwishia. Nilimkanya, akakataa. Sasa mkimuuliza neno hawezi kubisha, wala hawezi kuahidi. Nafasi kama hii hamtaipata tena. Njooni mmwambie yaliyo moyoni."

Kicheko kilianzia kwa wachinjaji kikaenea soko zima. Mbunge alinitazama kwa jicho kali, kama lile ninalowatolea wanafunzi wangu. Lakini watu walikuwa wameshaanza kupanda lorini. Mmoja alilalamikia matope, mwingine mtaro unaonuka. Wengi walitaka maji. Mama mmoja alieleza anavyoyabeba kutoka mbali kuja kuoshea mboga. Mbunge alitikisa kichwa kama anayekubali, akatikisa tena. Baadaye niliona ameacha kutikisa. Ameinama, mkono shavuni, anasikiliza.

Garini, tulipokuwa tukiipita Kawangware, alinigeukia.

"Umeniuza," akanong'ona.

"Pole, Mheshimiwa."

"Lakini yule mama wa maji," akasema, akasita. "Miaka yote hii nimekuwa nikimpungia mkono tu. Sikujua anatembea mpaka kule."

Nilifika kwangu Muthangari nikiwa na hakika kwamba kazi ya ushauri imekwisha. Mke wangu alinisikiliza huku akimenya ndizi. "Afadhali," akasema. "Labda sasa utakula chakula kikiwa moto."

Mbunge hakunifukuza. Alishinda, sauti ikamrudia, na akawa ananipigia simu ofisini nikiwa katikati ya kusahihisha insha, kunieleza alivyobishana na wakubwa wa idara ya maji. Bomba lilifika sokoni kabla ya uchaguzi uliofuata. Nilikwenda kulitazama baada ya vipindi, peke yangu. Akina mama walinisukuma mbele ya foleni, nikanywa kwa viganja, nikailowesha tai yangu yote.