Mikato Miwili ya Tupa

Fundi wangu wa Gongoni hafungui boneti kabla hajafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama anayejiandaa kula. Huongea kwa sauti ya chini, hata wateja tunalazimika kumsogelea. Siku niliyompelekea kigari changu injini ikigonga kwa kukosa oili, nilimwambia ukweli: kijiti cha kupimia ni cheusi, kimejificha nyuma ya mipira ya injini, na macho yangu hayazioni tena alama zake. Nilidhani ataniambia nipite kwake kila wiki. Badala yake alikichomoa, akapaka mpini rangi nyekundu, kisha akachukua tupa na kukata alama mbili, ya juu na ya chini, akakifuta vizuri.

“Fumba macho, mama. Papasa.”

Nikazipata zote mbili. Akanifanya nipime mara tatu, yeye amesimama mikono nyuma, haniingilii hata nilipokosa tundu la kukirudishia. Juzi, nikielekea zahanati ya Ipole ninakofanya kazi, nilisimama njiani, nikachomoa kijiti, nikapapasa: oili haikufika hata alama ya chini. Nikaongeza, nikafika salama. Jioni ile ile nikampigia simu kumsimulia.

“Basi leo fundi ulikuwa wewe,” akasema.